Mfereji Haupulizwi

Niliota usiku wa jana kwamba zana za karakana yetu zimeitisha kikao, na mimi nimechelewa kufika.

Ni mchana kweupe. Jua linapenya kwenye matundu ya bati na kuangukia benchi la kazi. Baba amelazwa juu ya benchi hilo, mabega yamebanwa na jiriwa. Wamemwekea vibao laini huku na huku asipate alama, maana kazi nzuri haibanwi kwa chuma kitupu. Macho yake yako wazi. Anapumua vipande vipande, kimoja sasa, kingine baadaye sana.

"Huyo ndiye mwana," anasema Jino. "Mzee kabanwa tangu asubuhi, yeye ndiyo kwanza anaingia."

"Nani kakupa ruhusa ya kusema?" nikamuuliza.

Sina subira na zana. Hata nikiwa macho huwa ninazigombeza.

Niseme kwanza tunafanya kazi gani, usije ukadhani tunatengeneza majeneza. Baba ni Fundi Mbwana wa Ngamiani, hapa Tanga, na kazi yake ni njumu. Anapamba viti, makasha na vitanda kwa mistari myeupe iliyolazwa ndani ya mti mweusi au mwekundu. Mistari ile haipakwi rangi. Ni vijiti vyembamba mno vya mchungwa, sisi tunaviita nyuzi. Unachimba mfereji, unaulaza uzi ndani yake kwa gundi, kisha unakwangua mpaka mkono ukipita usijue mti umeishia wapi na uzi umeanzia wapi. Mimi ni binti yake, Mwantumu, mwanafunzi wake wa mwisho. Wenzangu wote wamekimbilia makochi ya sponji.

Tangu Ramadhani Baba alikuwa hainuki kitandani. Daktari alimpiga picha ya kifua akasema mapafu yamejaa vumbi la mbao, hasa la mpingo, na kwamba dawa ya kulitoa hakuna, iliyopo ni ya kulibembeleza. Hayo yalitokea nikiwa macho. Katika ndoto hakuna daktari, kuna zana tu.

Jino ndiye anayechimba mifereji. Ni kigogo kidogo cha kushika kiganjani, chenye jino moja la chuma ambalo Baba alilichonga kutoka kwenye msumeno uliovunjika. Nilidhani yeye ndiye mwenyekiti, kwa jinsi anavyojisikia. Kumbe kikao kilikuwa kinaongozwa na Unyoya.

Unyoya ni unyoya wa bata. Ametundikwa msumarini tangu nikiwa mdogo. Kazi yake ni kufagia vumbi ndani ya mfereji kabla ya kutia gundi, kwa sababu kwetu mfereji haupulizwi. Hilo ndilo jambo la kwanza Baba hukufundisha, na ukikosea anakupiga na rula. Pumzi ina maji. Ukipuliza, kingo za mfereji zinavimba, uzi unaingia kwa kubanwa, nawe unajiona fundi. Mwezi ukipita mti unakauka, uzi unaanza kucheza.

Sheria hiyo ilikuwa yetu sisi wanafunzi. Yeye mwenyewe alipuliza maisha yake yote. Alikuwa akiinama, anafumba jicho moja, anapuliza kutoka upande huu mpaka ule kwa mkupuo mmoja, na vumbi lote linamrudia usoni. Tukimuuliza anasema mapafu yake hayajafikia kuazima kitu kwa bata.

"Mwantumu," akasema Unyoya, kwa sauti nyembamba ya kujivuta. "Baba yako ameishiwa pumzi. Lakini haikupotea. Kitu ulichokiweka mahali hakijapotea."

"Iko wapi?"

"Kwenye mifereji yote aliyoipuliza. Alipuliza, ikaingia. Akalaza uzi juu yake, akaifungia. Iko kwenye viti vya watu, kwenye makasha ya watu. Mimi nilikuwa hapa msumarini, sina kazi, ninatazama."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa ninangoja kuulizwa."

"Inatolewaje?"

"Unang'oa uzi."

"Usiguse kazi yangu," akasema Baba kutoka kwenye jiriwa.

Maneno hayo yalimlia pumzi mbili nzima. Baada ya hapo akakaa muda mrefu bila kuvuta nyingine, na sote tukawa tunamwangalia kifua. Nimemwogopa Baba tangu nijijue, lakini kimya kile nilikiogopa zaidi kuliko nilivyowahi kumwogopa yeye. Kifua kikainuka kidogo. Nikasema ninakwenda.

"Basi fanya haraka," akasema Unyoya. "Kikwaruzo anajinoa."

Nikatazama pembeni. Kikwaruzo ni bamba la chuma lenye ukingo mkali, na alikuwa anajisugua kwenye jiwe taratibu, bila kumtazama mtu.

"Anajinoa kwa ajili ya nini?"

"Kinachozidi juu ya uso wa mbao kinakwanguliwa mpaka kiwe sawa," akasema Unyoya. "Sheria umeshaisahau?"

"Na nani amezidi?"

Wote wakamgeukia Baba, ambaye amezidi juu ya benchi kwa unene wa kifua chake na ncha ya pua.

Nikatafuta kitu cha kubebea pumzi. Nikaokota mfuko wa plastiki. Jino akanikumbusha kwamba mifuko hiyo imepigwa marufuku, na kwamba yeye hataki kesi. Chini ya benchi kulikuwa na chupa ya chai ya Mama. Nikaimwaga chai, nikaikung'uta, nikaikwapua. Jino akarukia mfuko wa dera langu.

Nikafungua mlango wa karakana kutokea barabarani. Barabara haikuwepo. Niko sebuleni kwa Bi Msimu, Pangani.

Bi Msimu ni mtu wa kweli, na kiti chake ni cha kweli. Ni kazi ya kwanza ambayo Baba aliifanya peke yake bila fundi wake kumsimamia. Ni kiti kirefu cha mninga, na mgongoni kina mistari inayopanda, inapindana juu na kushuka tena. Bi Msimu amekikalia, anachambua mchele kwenye ungo.

"Karibu, Tumu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Na huyu je, humuoni?"

Nikatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Kiti," akasema Bi Msimu. "Kimekuzidi umri hiki."

Nikakisalimia. "Shikamoo kaka."

"Marahaba," kikajibu Kiti. Kilikuwa na sauti nzito, na maneno yake yalitokea kwenye maungo. "Mimi ndiye wa kwanza kwa Mbwana. Wewe ni wa nyuma sana. Umefuata nini?"

Nikakieleza kila kitu. Sikukificha hata kwamba nimekuja kukiharibu. Kiti kikasema kwamba kuharibiwa ni jambo la kawaida kwa kiti, ila pumzi zenyewe ndizo za kuulizwa, nazo zimo ndani. Kama ninataka kuongea nazo niingie.

"Niingie wapi?"

"Mferejini."

Mfereji wenyewe ni mwembamba kuliko ukucha. Nikamtazama Jino. Jino akapiga mluzi, na Mapacha wakaja.

Mapacha ni visu viwili vilivyosimamishwa juu ya kibao kimoja, vimeachana kidogo tu. Uzi unavutwa katikati yao, tena na tena, mpaka unene wake uwe mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni watu wapole. Mmoja anaanza sentensi, mwingine anaimaliza.

"Huwa tunavuta kwa kufuata," akasema wa kushoto.

"Mti ulivyoota," akasema wa kulia. "Ukivutwa kinyume utachanika. Wewe uliota kuanzia wapi?"

"Sijui."

"Ulizaliwa umetanguliza nini?"

Nikakumbuka Mama akilalamika kila mara kwamba nilitanguliza miguu na nikamtesa. Basi wakanilaza chali, Jino akashika vidole vya miguu, akavuta.

Haikuuma. Mara ya kwanza nyonga zilibaki upande wa pili, zimejikunja sakafuni kama maranda. Mara ya pili yalibaki masikio na ubishi. Waliporudia tena nikasahau jina la shangazi yangu wa Muheza, na ladha ya ndimu. Kila wakinivuta, Mapacha wanasogea karibu zaidi, wananiomba radhi. Mwishowe nikawa mwembamba kiasi cha kuona mwanga ukinipita. Bi Msimu alikuwa bado anatoa mawe kwenye mchele. Akaniambia nisizubae, mlango wa mfereji uko pale uzi unapopinda.

Nikaingia.

Ndani ni ujia mrefu, kuta mbili nyekundu za mninga na dari nyeupe. Dari ndiyo uzi wenyewe. Kando ya ukuta wamekaa watu kwenye foleni, wamebanana, magoti juu, kila mmoja ameinua mikono na kuishika dari. Hawana sura ya kuonekana vizuri. Ukimtazama mmoja sana unaona ukuta nyuma yake. Lakini wote walikuwa wananuka tangawizi na kahawa, na mmoja wao akakohoa. Kikohozi kilikuwa cha Baba, ila kikavu na kifupi, kikohozi cha kijana.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

"Ninawatafuta nyinyi. Mimi ni mtoto wa Mbwana."

Wakatazamana. Minong'ono ikapita mpaka mwisho wa ujia na kurudi.

"Mbwana gani? Huyu anayetupuliza?" akauliza mmoja. "Huyu hajaoa."

"Ataoa. Ataoa na atanizaa mimi. Sasa hivi yuko Tanga amebanwa kwenye benchi, hana pumzi."

"Huyu hana pumzi?" Wakacheka, wote, kwa sauti ile ile moja. "Dada, huyu ana pumzi ya kugawa. Juzi kapuliza mpaka mshumaa wa jirani ukazimika."

Ni uchungu kusimama mbele ya baba yako akiwa kijana, mwenye afya, anacheka, na hakujui. Nilitaka kumwambia aende polepole. Nilitaka kumwambia atumie unyoya, achukue kitambaa afunge pua, aache kiburi, asipige watoto wa watu na rula kwa kosa analolifanya yeye kila siku. Nikasema hayo yote kwa kelele, na mengine siwezi kuyaandika. Wakanisikiliza kwa heshima.

"Unalosema ni kweli," akajibu aliyekuwa karibu nami. "Lakini sisi hatutoki. Tazama mikono yetu."

"Naiona."

"Gundi ilikauka zamani ikawa unga. Uzi huu umeshikwa na sisi. Anayetoka, kipande chake kinadondoka."

"Kidondoke."

"Ni kazi yake."

"Ninajua ni ya nani!"

Nikakaa chini nikalia, na machozi yalikuwa membamba kama mimi, hayakuwa na kitu. Nikawaambia sihitaji wote. Nahitaji mmoja. Nataka aniambie neno moja zuri kabla hajamalizika, kwa sababu tangu aniweke kwenye benchi lile hajawahi kuniambia kwamba kazi yangu ni nzuri, na mimi nimechoka kubahatisha.

Nikiwa macho nisingelisema hilo mbele ya mtu.

Pale uzi unapopinda kulikuwa na mmoja amekaa vibaya, kajikunja kufuata pindo. Akasema, "Mimi nitakwenda."

"Wewe ndiye uliyeshika kona," wenzake wakamwambia.

"Nataka nikaone alivyokuja kuwa," akasema. Akashusha mikono.

Dari ikalia juu yetu. Sikungoja. Nikamfungulia chupa ya chai, akaingia kwa kichwa, nikafunga kifuniko, nikakimbia. Nyuma yangu uzi ulikuwa unafumuka, na wale wengine waliuachia mmoja baada ya mwingine, si kwa kutaka, ila uzito uliwazidi. Hao hawakuwa na chupa. Walipita juu ya kichwa changu, wakatoka nje dirishani kwa Bi Msimu, na pazia likapepea kidogo.

Nilipotoka, mgongo wa Kiti ulikuwa na mifereji mitupu. Kikafunguka maungo, mguu mmoja kwanza, kisha mkono, kikalala chini kwa adabu.

"Kaka," nikasema.

"Mwambie sikuwahi kulia nikikaliwa," kikasema Kiti. Baada ya hapo kilikuwa mbao tu.

Bi Msimu alibaki amekaa hewani pale pale, na ungo mapajani.

"Umepata ulichotaka?"

"Nimepata, bibi."

"Haya. Wahi."

Nikazoa maranda yangu sakafuni, nyonga, masikio na mengineyo, nikayatia mfukoni pamoja na Jino. Nikaushika mlango wa sebule. Ulifungukia karakana.

Kikwaruzo alikuwa ameshaanza.

Alikuwa anapita juu ya Baba kutoka miguuni kwenda kichwani, mkupuo mmoja mrefu, kama Baba mwenyewe alivyotufundisha, anarudi anaanza tena. Kila akipita, kipande chembamba kinajikunja na kudondoka. Miguu ilikuwa tayari iko sawa na benchi. Kifua kilikuwa bado kimezidi, lakini si sana. Mama amepiga magoti, anavikusanya vile vipande kwenye ungo, kimoja kimoja.

"Mama, unafanya nini?"

"Nisiache kikapotea," akasema Mama. Hakuinua uso. "Chai iko wapi? Midomo yake mikavu."

"Si chai iliyomo."

Nikamwambia Kikwaruzo aache. Akasema samahani dada, yeye ana ukingo tu, hana masikio. Nikamshika, akanikata kiganja, hakusimama.

"Mwache," akasema Baba. "Anakwenda vizuri. Haachi makovu."

"Baba, nimekuletea pumzi yako."

Nikafungua chupa. Karakana yote ikanuka tangawizi. Yule aliyekuwemo akachungulia, akamtazama Baba kuanzia miguu ambayo haipo mpaka nywele nyeupe.

"Ndiye huyu?" akaniuliza. "Mbona kachakaa hivi?"

Baba akatabasamu. Ni mara chache sana, na ilinichoma. "Kona ya kiti cha Pangani," akasema. "Nakujua. Uzi ulinivunjikia pale siku nzima." Halafu tabasamu likaondoka, akanigeukia. "Umekivunja."

"Nimekivunja."

"Kirudishe."

"Hakirudi."

Akafunga mdomo. Alifunga kabisa, akabana midomo kama mtoto aliyeletewa kwinini, na akakataa hata ile hewa kidogo aliyokuwa anaivuta. Kikwaruzo akapita. Mama akaokota.

"Baba, mimi sitaki kiti," nikamwambia. "Sitaki makasha. Watu wa Pangani na wakae chini kwenye mkeka. Nakutaka wewe."

Hakufungua. Basi nikamfanyia kama alivyonifanyia yeye nilipokuwa na homa, nilikuwa mdogo na ninauma watu: nikamziba pua kwa vidole viwili, nikangoja. Ni jambo baya kumfanyia mtu mzima, tena baba yako, na amebanwa. Nilikaza vidole. Midomo ikaachia, nikaiinamisha chupa, na yule kijana akaingia ndani bila kugeuka nyuma.

Kifua cha Baba kikapanda. Kilipanda mpaka jiriwa ikalia. Rangi ikamrudia, shingo ikajaa, macho yakawa ya mtu ninayemkumbuka kwa picha tu. Kikwaruzo akasita kwa mara ya kwanza. Unyoya akainama mbele kutoka msumarini. Mama akaweka ungo chini. Sote tulijua kwamba hiyo ni moja, na kwamba akishaitoa hakuna nyingine.

Nikasogeza kichwa. Nilikuwa na masikio mfukoni, nikalitoa moja nikalivaa upesi, kwa ajili ya neno langu.

Kando ya kichwa chake, juu ya benchi lile lile, ulikuwepo mfuniko wa kasha nilioanza kuuchimba jana jioni. Nilikuwa nimemaliza mfereji mmoja umeme ukakatika, nikauacha hivyo hivyo na vumbi lake, uzi wake nikaulaza pembeni. Baba akageuza shingo. Akautazama mfereji wangu kwa jicho moja, lingine amelifumba. Akautazama mwanzo hadi mwisho.

"Una vumbi," akasema.

Akapuliza.

Alipuliza mkupuo mmoja, mrefu, kutoka upande huu mpaka ule, na vumbi lote likamrudia usoni. Alipuliza mpaka hakikubaki kitu. Unyoya akadondoka msumarini akalala sakafuni.

Nikamngoja avute. Kikwaruzo akapita mara moja, polepole, akaenda kujiweka mahali pake.

"Jaribu kwa mkono," akasema Jino.

Nikapitisha kiganja juu ya benchi kutoka miguuni kwenda kichwani. Palikuwa laini kabisa. Nikarudia kwa ncha za vidole, nimefumba macho, ninatafuta pale mbao inapoishia na Baba anapoanzia, na sikupaona.

Nikaamka.

Nilikuwa karakana, juu ya magunia ya maranda, nilikolala kwa sababu usiku wa jana ulikuwa wa zamu ya Mama kukaa na mgonjwa. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Huko nje mtu alikuwa anafagia uwanja. Kiganja changu hakikuwa na jeraha. Zana zote zilikuwa kimya, na Unyoya alikuwa msumarini.

Nikakaa kidogo, nikajicheka. Nikainuka niwashe taa nitafute maji ya kunawa, na hapo nikauona mfuniko wa kasha.

Mfereji wangu ulikuwa safi. Haukuwa na chembe. Vumbi lililokuwa ndani yake lilikuwa limetandazwa juu ya mbao upande wa mwisho, limefunguka kama upepeo, jinsi linavyokaa likipulizwa na mtu aliyeinama upande wa pili. Mlango wa karakana ulikuwa na komeo kwa ndani, nililitia mwenyewe. Nikainama karibu. Kingo za mfereji zilikuwa zimevimba kidogo, na mti ulikuwa umekolea rangi kama unavyokolea ukipata maji. Nikagusa kwa kidole. Kulikuwa na unyevu, na unyevu ule ulikuwa na joto.

Mama akaniita kutoka ndani.

Aliniita mara moja tu, si kwa sauti ya kuitia chai. Nikajua.

Sikuitika. Unyevu wa pumzi haukai, jua likishapiga bati ungekuwa umekwisha. Nikauchukua uzi ulipokuwa, nikauweka kwenye mfereji ungali mbichi, bila gundi, nikaukandamiza kwa dole gumba kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Uliingia kwa kubanwa. Nikaubana tena pale mwisho, nikapitisha mkono kuhakikisha haukuacha mwanya.

Ndipo nikaitika, "Abee, Mama."